Gunzi Katika Bomba la Moshi

Mimi sipendi kuharakishwa kazini, na Nangurukuru nzima inalijua hilo. Dereva wa bodaboda akija bandani kwangu klachi imemfia, akaanza kuniambia "fundi, fanya fasta, nina abiria ananisubiri," namwambia ambebe huyo abiria mgongoni. Lakini shemeji Kibibi aliponipigia simu kutoka Pande, akasema anataka Vespa ya marehemu iwake kabla ya Ijumaa, nilifunga banda siku ile ile, nikatia spana kwenye kiroba, nikaenda. Angekuwa mwingine nisingekwenda.

Marehemu ni Abdulrazak, mumewe. Ndiye aliyenifundisha ufundi. Nilikuwa kijana mkaidi, shule imenishinda, baba yangu nimemshinda, yeye akanipa brashi na kopo la petroli akaniambia nianze kwa kuosha vyuma. Alinigombeza sana mtu yule, lakini hakuwahi kuninyima chakula, na kila alichokijua alinipa. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume nilimwita Abdulrazak. Mke wangu alitaka jina la baba yake, tukanuniana wiki nzima, mimi sikukubali.

Alikufa maji. Kudra, binti yao wa pekee, alikuwa bado anatambaa. Abdulrazak aliaga kwamba anakwenda harusini Songo Songo, atakaa siku mbili, anarudi. Vespa akaiacha nyumbani, akapanda gari la asubuhi hadi Masoko kutafuta boti. Boti iliyoondoka mchana ule ikapinduka. Wako waliookolewa, wako waliookotwa maiti, na wako ambao hawakuonekana kabisa. Yeye akahesabiwa katika hao wasioonekana, kwa sababu kuna watu walimwona pwani asubuhi ile na begi lake. Tulitembea fukwe kuanzia Kivinje mpaka Somanga tukiuliza wavuvi. Mwisho masheikh wakasema inatosha, tukamsalia bila maiti, tukamsomea hitima. Nililia siku ile mpaka mama yangu akaona aibu.

Kibibi akakaa eda, akatoka eda, na tangu hapo hakuolewa. Si kwamba hakutakiwa. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja wa Kivinje, mtu mzima mwenye adabu zake, alituma washenga mara tatu na mara tatu wakarudi mikono mitupu. Akina mama wa Pande wakamfanya fimbo ya kuwachapia mabinti zao: "Mtazameni Kibibi, mume kafa, heshima ya mume haijafa." Hata mimi nilikuwa nikimtolea mfano kwa mke wangu, na mke wangu akinijibu kwamba nife kwanza tuone.

Sasa Kudra anaolewa, na mama mtu amekuja na lake.

"Baba yake hayupo wa kumtoa," aliniambia kwenye simu. "Basi angalau chombo chake kimtoe. Apande Vespa hapa mlangoni mpaka barabarani kwenye magari ya bwana harusi. Wewe ndiye utakayeendesha."

"Na walii?"

"Walii yupo. Ami yake, Mzee Abilahi."

Mzee Abilahi ni kaka yake Abdulrazak, toka nitoke. Baba akifa, na babu hayupo, ami husimama kumwoza binti. Hilo halikuwa na swali.

Nilipofika Pande, Kudra alinipokea kiroba mlangoni. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi harusi gani anabeba spana? Weka chini, utachafua mikono kabla ya hina."

Akacheka. Ana meno ya baba yake. Akanipeleka ghalani, tukasogeza magunia ya korosho, tukavuta turubai, na Vespa ikaonekana. Abdulrazak aliinunua kwa padri mmoja mzee wa Lindi aliyekuwa anarudi kwao, na tangu kuinunua ilikuwa tayari kuukuu. Rangi yake kijani cha maji, taa moja, siti ya ngozi. Enzi zile ikipita watoto walikuwa wanaikimbilia. Kudra hajawahi kuiona ikitembea.

"Unadhani itawaka, baba mdogo?"

"Hata mimi ningetupwa gizani miaka yote hii ningesusa kuwaka. Nenda kaniletee chai."

Nilitaka aondoke, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na mimi sipendi kulia mbele ya watoto.

Nikapiga magoti nianze. Nilikuwa nimeshajua nitakachokuta, maana vyombo vilivyosahauliwa nimevifungua vingi. Petroli inakuwa gundi. Pistoni inashikana na ukuta wa silinda mpaka uigonge kwa nyundo na gogo. Nyigu wa udongo wanajenga ndani ya bomba la moshi. Tairi zinakaa chini zinapasuka, zinagandana na sakafu. Mtu aliyesema anaondoka siku mbili anaegesha chombo chake ukutani na kufunga bomba la mafuta, basi. Hivyo ndivyo nilivyotegemea.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba Vespa haikugusa chini. Ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, magurudumu yote mawili yananing'inia. Nikasema labda Kibibi aliipandisha baadaye kwa ajili ya maji ya mvua. Nikafungua tangi, nikaingiza kidole. Kavu, na limefutwa. Nikafungua kabureta, nayo imemwagwa mafuta mpaka tone la mwisho, safi. Nikafungua plagi. Ilikuwa imefungwa kwa vidole tu, na nilipotia kijiti kwenye tundu lake kikatoka na oili. Oili safi, imejazwa juu ya pistoni. Kamba za breki zimepakwa grisi. Ngozi ya siti imenyunyiziwa poda, ile ya watoto.

Nikazunguka nyuma, kwenye bomba la moshi. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa kitambaa na kuchovywa nta.

Lo! Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi la korosho.

Nieleze ili unielewe. Abdulrazak alikuwa na maneno mawili, kuegesha na kulaza. Chombo utakachokirudia kesho au keshokutwa unakiegesha. Chombo ambacho hutakirudia, au utakirudia baada ya miaka, unakilaza. Alinifundisha kulaza mara moja tu, kwa pikipiki ya mwalimu aliyekuwa anakwenda masomoni ng'ambo. Ni kazi ya siku nzima. Unamwaga, unafuta, unajaza oili, unapandisha juu ya mawe, mwisho kabisa unaziba bomba kwa gunzi. Mafundi wengine wanaziba kwa tambara, wengine hawazibi. Gunzi na nta ni lake yeye, na sijamwona mwingine akifanya hivyo isipokuwa mimi niliyejifunza kwake. Na hakuna mtu, wallahi, hakuna mtu mwenye akili timamu anayekilaza chombo kwa safari ya siku mbili ya harusini.

Nilitoka uani. Kibibi alikuwa anapepeta mchele.

"Shemeji, kuna fundi mwingine aliyewahi kuishika hii Vespa?"

"Hakuna mkono ulioigusa tangu wake."

"Nataka spana zake. Zile kubwa, za kijerumani. Kuna nati ambayo spana yangu haiingii."

"Hazipo." Hakuinua uso. "Alikwenda nazo."

Nikarudi ghalani. Mtu anakwenda kula pilau, anabeba spana za nini? Kumbe lile begi walilomwona nalo pwani lilikuwa na spana. Mtu mwenye spana na mikono yake anaweza kuanza maisha popote, Mtwara, Msumbiji, Mombasa. Boti imepinduka, nchi nzima inalia, na yeye pengine hakukanyaga boti ile.

Nilikasirika, tena sana. Nilitukana kwa sauti, Mungu anisamehe, kwenye nyumba yenye harusi. Nilikumbuka zile fukwe, na nilivyogeuza maiti ya mtu nisiyemjua nikidhani ni yeye. Nikamkumbuka mwanangu, ambaye kila nikimwita nadhani namuenzi mtu. Msiba wetu wote ule, kumbe mwenyewe anakula na kulala mahali!

Halafu hasira ikashuka, ikaja hofu, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Ijumaa. Walii. Kama Abdulrazak yu hai, basi Mzee Abilahi si walii. Baba akiwa hai, ami hana nafasi, na baba asipojulikana alipo jambo hurudi kwa kadhi au sheikh. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Nikinyamaza, Kudra anaozwa na asiyekuwa na haki ya kumwoza, anakwenda kulala na mume na kuzaa juu ya ndoa yenye ufa, na mimi ndiye niliyejua. Nikisema, namvua Kibibi nguo mbele ya Pande nzima. Mjane anayeheshimiwa anageuka mwanamke aliyekimbiwa, wiki ya harusi ya mwanawe. Nani kaniweka mimi kati ya mambo haya? Nilikuja na spana tu.

Nilifanya kazi, kwa kuwa mikono ikifanya kazi kichwa kinapungua kelele. Nikabadilisha tairi na tyubu, nikasugua kwa msasa panapopigia cheche, nikatia plagi mpya, nikavuta kamba mpya za klachi, nikachanganya petroli na oili. Pistoni ilikuwa inateleza kwa urahisi. Kila nilipofungua nilikuta mkono wa Abdulrazak umeshatangulia, umepaka, umefuta. Alikihurumia chuma kile, mtoto anayetambaa hakumhurumia.

Alhamisi mchana nikaitoa uani. Akina mama waliokuja kusaidia kupika wakasimama na miko mikononi. Nikapiga kiki, kimya. Nikapiga tena, ikakohoa. Nikapiga ya tatu, ikawaka, moshi wa buluu ukajaa uani na ule mlio wake wa pepepepe ambao sikuusikia tangu ujana wangu. Vigelegele! Kudra akaruka akamkumbatia mama yake. Bibi mmoja akasema, "Abdulrazak alikuwa fundi, jamani, chombo miaka yote hii kinawaka kwa kiki tatu!" Mimi nikageukia ukutani nikalia, nao wakaniambia, "Pole Amiri, ndiyo dunia." Walidhani namlilia marehemu.

Kudra alipopelekwa kwa jirani kupakwa hina, na wengine wakaenda kisimani, nilimfuata Kibibi jikoni. Nilikuwa nimekata shauri.

"Shemeji, nina neno, na ukitaka kunifukuza baadaye nifukuze. Ile Vespa haikuegeshwa. Ililazwa. Abdulrazak alijua harudi. Simsingizii mtu, lakini sidhani kama alipanda boti ile. Na kesho Mzee Abilahi hawezi kuwa walii mpaka sheikh ajue."

Nilitegemea apige kelele. Aliendelea kuchochea kuni, kisha akaweka kijinga cha moto pembeni taratibu.

"Sheikh anajua," akasema. "Nilimwendea mwezi uliopita. Kesho Mzee Abilahi atamfanya sheikh wakili wake aozeshe, kama ilivyo kawaida ya watu, na sheikh ataozesha kwa mamlaka yake mwenyewe. Hakuna atakayeona tofauti. Usihofu, ndoa ya mwanangu ni salama."

"Ulijua!"

"Nilimshikia tochi, Amiri. Ile Vespa alipoilaza nilikuwa nimesimama pale nammulikia. Nikamuuliza, mbona makubwa hivi? Akasema chumvi ya bahari inakula chuma. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Alikuwa mume wangu. Boti ilipopinduka nikalia kilio cha kweli na nikakaa eda ya kweli. Baadaye ndipo akaja Modesti."

Modesti nilimjua. Mmakonde wa Newala, mfanyabiashara wa korosho, Mkristo mwenye ndevu nyeupe, sasa ni marehemu.

"Alikuwa ametoka Msumbiji. Akakaa hapo ulipokaa, akakataa chakula, nikajua ana jambo. Akaniambia, mama Kudra, nimemwona mumeo, ana karakana, ana mke, ana watoto wawili, na aliponiona alijificha. Nikamwapisha kwa dini yake asimwambie mtu. Akaapa, akalia yeye, mimi sikulia."

"Na ukakaa kimya muda wote huu? Kwa nini? Angeletwa! Tungemfuata mimi na kaka zako tukamleta kwa masikio!"

"Mnilete mtu anayejificha asinione? Nimfanye nini?" Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Sikiliza, Amiri. Mwanamke aliyefiwa anapikiwa. Watu wanakuja, wanakaa naye, wanamshika mkono. Aliyekimbiwa anachekwa, wanauliza alimfanya nini mwenzake. Mtoto wa marehemu anapapaswa kichwa. Mtoto wa aliyekimbia anaulizwa shuleni baba yako yuko wapi. Modesti alipokuja mimi nilikuwa mjane tayari. Mjane mwenye heshima. Nikasema nibaki nao huo ujane."

"Lakini yule fundi cherehani wa Kivinje..."

Hapo ndipo uso wake ulipoharibika.

"Nilimpenda," akasema. "Unafikiri nilikataa kwa subira? Walinisifu subira mpaka nikataka kutapika. Ningeolewaje na mume yu hai? Ili niachishwe lazima niende kwa kadhi niseme, Abdulrazak hakufa, amenikimbia. Niseme, watu wote wasikie. Sikuweza. Mara ya tatu washenga walipoondoka nilikimbilia chooni nikauma kanga. Mwaka ule ule akaoa Somanga. Ana wajukuu sasa."

Nikasema la kijinga. "Na hitima zote zile?"

"Ya kwanza nilisoma kwa moyo. Baada ya Modesti sikusoma tena, nikawaambia watu sina uwezo. Mkawa mnachanga nyinyi, na wewe ukiongoza." Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Mafundi wamejaa barabara nzima. Kuna vijana hapa hapa Pande. Unajua kwa nini nilikuita wewe?"

"Kwa sababu Vespa ni ya zamani."

"Kwa sababu ungejua. Wengine wangeiwasha wakaenda zao. Nilijua wewe ukiifungua tu utaona. Sikuwa na kinywa cha kusema, Amiri, nilikaa nacho kimeziba mpaka kikakauka. Nikasema ngoja aone mwenyewe, labda ataniuliza." Midomo ilimcheza. "Tangu aondoke ninapewa pole ya mtu aliyekufa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa pole ya kuachwa."

Nilikuwa nimeinama. Nikasema, "Pole, shemeji. Pole kwa kuachwa."

Akalia. Sijawahi kusikia kilio kile. Siku ya msiba alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu kwenye misiba, akiwa na wanawake wamemshika. Huu ulikuwa wa chini, wa tumboni, alijikunja kwenye kigoda mpaka paji la uso likagusa magoti, akisema maneno mawili tu, "Aliniacha, aliniacha." Moto ukazimika. Mimi nikakaa pale, sikumshika kwa sababu si mahali pangu, lakini sikuondoka. Niliposikia wanawake wanarudi kutoka kisimani nikamletea maji, akanawa, akawaambia moshi umemwingia machoni.

Ijumaa baada ya sala ndoa ikafungwa. Mzee Abilahi, kilemba kimemkaa upande, akasema, "Nimekuwakilisha, sheikh," na sheikh akapokea, akamshika bwana harusi mkono, akaozesha. Watu wakaitikia, tende zikapita. Nilimtazama sheikh, naye akanitazama kidogo akageukia tende.

Alasiri nikaiwasha Vespa mlangoni. Kudra akatoka amefunikwa, mikono imejaa hina, wakampakia nyuma yangu akakaa upande. Kibibi alikuwa amevaa vizuri, amesimama na wenzake, anapiga vigelegele na uso wake umevimba kidogo. Mtu angesema ni mama anayeagana na mwanawe. Ilikuwa hivyo pia.

Tukaenda polepole, kwa sababu ya mashimo na kwa sababu akina mama walikuwa wanatufuata kwa miguu na ngoma. Tulipopita msikiti Kudra akanisogelea sikioni.

"Baba mdogo, unadhani baba anatuona?"

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu."

Nikasikia mkono wake umenikamata shati.

"Mama kaniambia jinsi baba alivyoitunza, alivyoipaka mafuta kabla hajasafiri. Kasema alikuwa mtu wa kupenda vitu vyake." Sauti yake ilikuwa imejaa machozi, lakini ya furaha. "Mwenyezi Mungu amrehemu baba yangu, amlaze mahali pema."

Magari ya bwana harusi yalikuwa yanaonekana mbele, barabarani, taa zimewashwa. Nilikuwa nimeshika klachi. Najua dua ile huombewa waliokufa, na nilijua mtu huyo wakati ule pengine alikuwa amekaa chini ya banda lake ng'ambo ya Ruvuma, anakunywa chai na watoto wake.

Nikasema amin. Nikaisema kwa nguvu, ili aisikie juu ya mlio wa injini.